Muulize mpika pombe: cheri, embe na bibo ndani ya bia chachu

Toleo lililopita niliandika mstari mmoja tu, kwamba wiki ile tulikuwa tukiitoa bia ya cheri kwenye mapipa, na kwa mstari huo mmoja nimepata barua nyingi kuliko mwezi wowote tangu nikabidhiwe ukurasa huu. Nimechukua tano, kuhusu bia chachu, yaani bia zenye ugwadu. Kwa aliyelifungua jarida hili kwa mara ya kwanza: nimezaliwa Marangu, mama yangu alikuwa akipika mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, ya kuuza kila wiki, na huu ni mwaka wangu wa saba katika ghala la mapipa la kiwanda kidogo cha bia, bonde la mto Zenne, kusini-magharibi mwa Brussels. Ninayoyajibu hapa ni yale ninayoyashika kwa mikono.

*

Mwanangu, kijana wangu amerudi kutoka Ubelgiji kaniletea chupa ya bia nyekundu iliyoandikwa Oude Kriek, imezibwa kwa kizibo cha gome kama mvinyo. Tukaifungua Jumapili baada ya misa. Ina ugwadu kama mbege iliyolala siku tatu, ile ambayo kilabuni hakuna mtu angetoa hela yake. Kijana anasema ameinunua kwa bei kubwa. Je, ameuziwa kitu kilichoharibika? Na hizo cheri zenyewe ziko wapi, maana utamu wake sikuusikia kabisa.
Mzee wa Kibosho, Moshi

Shikamoo baba. Kijana hakuuziwa kitu kibovu, tena amechagua vizuri. Kriek ni jina la cheri kali kwa lugha ya watu wa huku, na lile neno Oude ndilo la kutafuta kwenye lebo. Tangu 1997 sheria za Umoja wa Ulaya zinalilinda: bia yenye jina hilo lazima itokane na lambiki iliyokaa kwenye mapipa ya mbao na kuchachuka tena ndani ya chupa. Ziko nyingine nyingi zinazoitwa Kriek peke yake, zimetiwa sharubati na sukari mwishoni, na hizo utamu wake ungeusikia kabla hujameza.

Lambiki ni bia ambayo mpishi haitii hamira. Tunachukua kama theluthi moja ya ngano mbichi na sehemu iliyobaki kimea cha shayiri, tunachemsha kwa saa nyingi pamoja na hopsi, yale maua yanayotia bia uchungu, zilizozeeshwa miaka kadhaa makusudi ili uchungu wake uishe, halafu maji hayo yote yanasukumwa yakiwa ya moto mpaka darini. Huko kuna sinia kubwa la shaba, pana kama chumba, kina chake hakifiki goti. Yanalala humo usiku mzima, madirisha wazi.

Msimu wangu wa kwanza nilipangiwa zamu ya kukaa darini. Ilikuwa Januari. Mvuke ulikuwa mzito kiasi kwamba taa iliyokuwa hatua tatu mbele yangu ilibaki doa la njano, na maboriti ya paa yakawa yanadondosha matone kwenye shingo yangu. Harufu ilikuwa ile ile ya uji wa ulezi unaposongwa nyuma ya nyumba yetu. Nilisimama pale nikamkumbuka mama hadi koo likaniuma. Alfajiri tukapima: nyuzi 19. Vijidudu vya hewani na vya kwenye mbao za dari vilikuwa vimeshaingia, na kazi ya mpishi ilikuwa imekwisha. Ndiyo maana lambiki hupikwa kati ya Oktoba na Aprili tu, kwa sababu usiku wa joto huleta vijidudu tusivyovitaka.

Baada ya hapo ni mapipa na subira. Miezi ya kwanza hamira ya kawaida hula sukari nyepesi. Kisha bakteria wa maziwa, ndugu wa wale wa mtindi, wanaleta ugwadu. Baada ya miezi minane hivi inaamka hamira ya mwituni iitwayo Brettanomyces, iliyotambuliwa mwaka 1904 na mtaalamu wa maabara ya Carlsberg, Copenhagen, na hiyo inakula polepole vile ambavyo wengine wameshindwa. Hapa ndipo bia yako inapoachana na mbege ya siku tatu, baba. Ugwadu uko wa namna mbili. Uko wa mtindi, laini, unaokaa pembeni mwa ulimi. Na uko wa siki, unaopanda puani. Siki haiji bila hewa. Mtungi wa mbege uko wazi, kila kata inayochovya inaingiza hewa, kwa hiyo siku ya tatu siki inashika usukani. Pipa limezibwa, basi mtindi ndio unaotawala. Onja tena chupa ya pili ukiwa umelifikiria hilo, utausikia utofauti wake.

Jambo moja la pembeni ambalo wageni hulishangaa: kwenye ghala letu hatufagii utando wa buibui. Matunda huleta vijinzi vidogo, vijinzi hubeba bakteria wa siki, na buibui ndiye mlinzi wetu. Viwanda vingi vya zamani vya huku, kikiwemo Cantillon cha Anderlecht kilichoanza mwaka 1900, vinawaachia buibui wao nyumba kwa heshima hiyo hiyo.

Sasa, cheri ziko wapi. Zinaiva Julai. Kwetu tunatia gramu 200 kwa kila lita, kwa hiyo pipa la lita 650 linameza kilo 130, nzima, pamoja na kokwa, maana kokwa ndizo zinazotoa ile harufu ya lozi uliyoisikia mwishoni. Lambiki inayozipokea ina umri wa mwaka mmoja na nusu hivi na ina njaa. Siku ya pili unaona povu la waridi likipanda kutoka kwenye tundu la pipa na kuteremka ubavuni, na sakafu inanata chini ya viatu. Linaendelea kwa siku kadhaa, kisha linapungua, kisha kimya. Tunapofungua pipa miezi baadaye, cheri zinatoka zimepauka kama ngozi iliyolowekwa muda mrefu. Rangi imehama, harufu imehama, ukali wake umehama. Sukari ndiyo haipo tena, imeliwa yote, na mpishi alitaka hivyo. Wewe umekunywa mbege maisha yako yote na hujawahi kuuliza utamu wa ndizi umekwenda wapi, kwa sababu unajua. Cheri zimefanya kazi ile ile ya ndizi.

Chupa ikibaki, ipoze kidogo tu, isiwe baridi ya barafu, na uinywe na nyama ya mbuzi ya kuchoma yenye mafuta. Ugwadu unakata mafuta vizuri sana.

*

Habari dada. Nilikuwa Miami kikazi, nikapelekwa kwenye kiwanda kidogo, nikapewa bia ya pasheni na pitaya, rangi yake ya zambarau kali, chachu na nzuri ajabu. Aliyenihudumia akaniambia imechukua wiki tatu kutoka sufuriani hadi kwenye glasi. Wewe kila toleo unatuambia miaka. Nani anasema kweli?
Mdadisi, South B, Nairobi

Wote wawili tunasema kweli, kwa sababu ni njia mbili. Hiyo uliyokunywa huchachushwa ndani ya sufuria kabla ya kuwa bia. Unapika maji ya kimea bila hopsi, maana hopsi huwazuia bakteria hawa. Unayapoza mpaka nyuzi 35 au 40, joto la mwili au kuzidi kidogo, unatia Lactobacillus, wale bakteria wa maziwa, unafunika na kuizuia hewa. Ndani ya siku moja au mbili pH, kipimo cha ukali ambacho namba yake hushuka ugwadu ukizidi, inateremka kutoka 5 na kitu hadi 3.3 hivi. Ukipima bia ya kawaida utakuta 4.3, na ndimu iko karibu na 2.3, kwa hiyo unaweza kupata picha ya ukali wenyewe. Ukiridhika, unachemsha tena. Bakteria wote wanakufa, ugwadu unabaki. Unapoza, unatia hamira ya kawaida, wiki moja imeshakuwa bia, unatia matunda, wiki nyingine imeyala. Wiki tatu zinatosha.

Njia hii imewafungulia watu mlango ambao lambiki haiwezi kuufungua. Lambiki inahitaji bonde, dari, mapipa na miaka ya hasara. Sufuria inahitaji kipimajoto na usafi. Ndiyo maana Florida wameshika matunda ya kwao, pasheni, mapera, pitaya, wakayatia ndani ya bia ya ngano nyepesi iliyotokana na ile ya Berlin. Na Wabrazili wa jimbo la Santa Catarina wamefanya zaidi: wamekaa pamoja, wakakubaliana namna ya kuipika, wakaipa jina la jimbo lao, na mwaka 2018 mtindo wao wa Catharina Sour ukaingizwa kwenye mwongozo wa waamuzi wa bia wa BJCP, wa kwanza kutoka Brazil. Nikiisoma habari hiyo huwa najisikia furaha kama ni ndugu zangu. Waliangalia sokoni kwao kuna nini, hawakusubiri cheri za Ubelgiji.

Kinachopotea kwenye njia ya sufuria ni kina. Ugwadu wake ni mnyoofu, wa aina moja, kama kinanda kinachopigwa noti moja safi. Brettanomyces haikupata nafasi, mbao hazikupata nafasi. Kwa hiyo tunda linabeba mzigo wote, na tunda likiwa baya hakuna pa kujificha. Nimeonja bia za namna hii zilizotiwa ladha ya chupa badala ya tunda, zikaacha mdomoni harufu ya peremende. Nimeonja pia moja ya mapera iliyonifanya nifumbe macho.

Lakini kuna aina moja inayonitia wasiwasi kwelikweli, nayo imeshamiri Marekani: ile nzito kama uji, ambayo tope la matunda hutiwa mwisho kabisa, bia ikishakomaa, halafu inafungwa kwenye kopo papo hapo. Sukari ya tunda imebaki nzima, hamira nayo imebaki hai. Makopo mengine huandikwa kabisa kwamba yawekwe kwenye baridi wakati wote, na yakisahauliwa kwenye gari siku ya jua hupasuka. Mpishi anayeuza kitu cha namna hiyo amemwachia mnunuzi kazi aliyopaswa kuimaliza yeye.

Waberlini walilitatua hili zamani. Bia yao ya ngano, ambayo askari wa Napoleon waliiita shampeni ya kaskazini, ni kavu na chachu. Anayetaka utamu anauliza sharubati, nyekundu ya rasiberi au ya kijani ya jani la msituni, na inamiminwa kwenye glasi mezani mbele yake. Sukari haikutani na hamira ndani ya chupa hata dakika moja.

*

Shikamoo dada. Nimepika bia ya shayiri lita 20 nyumbani, nimeichachusha kwa njia ya sufuria kama ulivyowahi kueleza. Sasa maembe yamejaa soko la Kilombero. Nimetia kilo 4 za nyama ya embe siku tisa zilizopita, mapovu yamepungua karibu yameisha. Jumamosi hii nataka kufunga kwenye chupa, nimeshakusanya chupa za bia 60 na mashine ya vizibo. Kuna jambo la kuangalia?
Kijana wa Sakina, Arusha

Marahaba mdogo wangu. Usifunge Jumamosi. Nakuomba kabisa, usifunge.

Nina sababu ya kukusihi hivi. Mwaka wangu wa pili huku nilipika nyumbani lita 20, nikaenda Matonge, mtaa wa Wakongo hapa Brussels, nikanunua maembe kwa mama mmoja wa Bukavu ambaye hunichagulia yale yanayonukia kwenye kikonyo. Nikatia kilo 4, kama wewe. Siku tisa, kama wewe. Mapovu yakaisha. Nikatia sukari kidogo ya kuleta gesi, nikafunga chupa 60 na kuziweka kwenye kabati la ukumbini. Ilikuwa Februari, na chumba nilichotumia kilikuwa cha baridi. Sikujua kwamba hamira ilikuwa haijamaliza. Ilikuwa imesinzia kwa baridi.

Mei joto likaja. Usiku mmoja nikasikia kishindo nikadhani mlango wa jirani. Kikafuata cha pili, cha tatu, kisha vikawa vinafuatana. Nilipofika ukumbini bia ilikuwa inatiririka chini ya mlango wa kabati, na kipande cha kioo, kirefu kama kidole changu cha mwisho, kilikuwa kimechoma mbao za mlango kutoka ndani na ncha yake imejitokeza upande wangu. Kwa urefu wa uso wangu. Nilikaa chini kwenye korido mpaka asubuhi bila kuthubutu kufungua. Chupa 23 zilipasuka. Zilizobaki nilizifungua moja moja nimevaa miwani ya kuchomelea na glavu za ngozi, juu ya kila chupa nimefunika taulo zito.

Chukua kalamu tufanye hesabu. Embe bivu lina sukari kama gramu 14 kwa kila gramu 100. Kilo 4 kwa lita 20 ni gramu 200 za embe kwa lita, maana yake gramu 28 za sukari kwa kila lita. Kila gramu 4 za sukari kwa lita zikichachuka hutoa gesi kama lita moja kwa kila lita ya bia. Bia ya kawaida kwenye chupa ina gesi lita 2 na nusu. Sasa embe lako peke yake lina uwezo wa kutoa lita 7. Hata kama hamira imeshakula theluthi mbili, ile theluthi iliyobaki ni lita 2 na zaidi. Ongeza sukari ya kuletea gesi, ongeza gesi iliyomo tayari kwenye bia, na umepita mbali na kile chupa ya bia inachoweza kukibeba. Chupa za shampeni hutengenezwa nene kwa sababu hiyo. Zako si hizo.

Mapovu hayakuambii kitu. Haidromita, kile kifaa kinachoelea na kuonyesha sukari iliyobaki, ndiyo inayokuambia. Chota leo, pima, andika. Rudia baada ya siku tatu, chumba kikiwa na joto la nyuzi 20 au zaidi, rudia tena baada ya tatu nyingine. Namba ikiwa ile ile mara tatu, na iko chini pale ilipokuwa bia yako kabla ya embe au karibu na hapo, sukari imeliwa. Kama huna haidromita, ngoja wiki sita na ufungie kwenye chupa za plastiki za soda: ukiibonyeza ikawa ngumu kama jiwe, fungua kizibo kidogo itoe pumzi. Plastiki huvimba kwanza na kukupa onyo, kioo hakikupi.

Na kwa safari ijayo: menya embe, likate, ligandishe kwenye friza siku mbili kabla ya kulitia. Barafu hupasua nyama yake, maji yanatoka kwa urahisi. Usilichemshe. Likichemka, bia inabaki na ukungu mzito usiotulia, na ile harufu ya kikonyo inapotea.

*

Assalaam alaykum dada. Mimi ni mtengeneza vinywaji katika hoteli moja Diani. Situmii kileo na wala sina nia. Wageni wananiuliza hizi bia chachu za matunda, nami nataka niwape kitu chenye ugwadu wa namna hiyo kisicho na kileo hata chembe. Nikisimamisha uchachushaji mapema, itafaa?
Binti wa Likoni

Waalaykum salaam. Haitafaa, nami nakuambia wazi ili usije ukaingia katika usilolitaka. Bakteria wa mtindi peke yao karibu hawatoi kileo, lakini ganda la kila tunda limebeba hamira yake, na katika joto la Pwani hamira hiyo haingoji. Hata bia za dukani zinazoitwa zisizo na kileo, nchi nyingi za Ulaya zinaruhusu zifikie asilimia 0.5. Kwako wewe uliyesema hata chembe, kitu kilichochachuka siwezi kukuhakikishia bila maabara.

Una ukwaju, ndio utakaokusaidia. Kuna bia chachu ya Wajerumani iitwayo Gose, iliyotoka Goslar na kupata umaarufu Leipzig, ambayo hutiwa chumvi na mbegu za giligilani. Chukua mpango huo, acha bia yenyewe. Loweka ukwaju kwa maji ya moto, chuja, tia mbegu za giligilani zilizokaangwa kavu na kupondwa, uziache dakika kumi tu kisha uchuje tena, tia chumvi kidogo kiasi cha kuisikia kwa mbali, sukari kidogo sana, na umalizie na maji ya gesi yaliyopoa. Pasheni kijiko kimoja juu. Chumvi ndiyo siri yake, inafanya ugwadu uwe mviringo mdomoni. Tengeneza ya siku hiyo, itumike siku hiyo.

*

Dada, shikamoo. Bibi yangu hapa Newala anatengeneza uraka, pombe ya mabibo, kila msimu wa mabibo. Mwalimu mmoja aliyesoma Brazil ametusimulia kwamba kule viwanda vidogo vinatia mabibo kwenye bia chachu na vinauza kwa fahari, wakati sisi mabibo yanaoza chini ya mikorosho tukishatoa korosho. Nimejisikia vibaya. Tumechelewa? Na je, uraka unaweza kuwa bia ya namna hiyo?
Mjukuu wa mkulima, Newala

Marahaba. Mwalimu amesema kweli, na kuna jambo la kuongeza: mkorosho wenyewe asili yake ni kaskazini-mashariki mwa Brazil, Wareno ndio walioupandisha meli na kuuleta kwetu. Kwa hiyo Wabrazili wana bibo kwa karne nyingi kuliko sisi, na ujuzi wao si wa kuonea wivu, ni wa kuuliza.

Sijisikii kwamba tumechelewa. Uraka wa bibi yako ni kinywaji chachu cha tunda, kilichochachushwa kwa hamira ya mwituni, hewani, bila mpishi kutia chochote. Mtu wa bonde la Zenne akikusikia ukieleza hivyo, atakuvutia kiti. Nimewahi kumweleza fundi wetu mkuu, mzee wa miaka sabini, jinsi mama alivyokuwa akichemsha ndizi hadi ziwe nyekundu, akaziacha zichachuke, akazichuja, akachanganya na mso, uji wa kimea cha ulezi, na gome chungu la mti wa msesewe. Aliweka chini chombo alichoshika. Akaniuliza maswali kwa saa nzima: gome linatiwa lini, ulezi unaoteshwa siku ngapi, mtungi unaoshwa au hauoshwi. Kwa mengine sikuwa na jibu, na nilipompigia mama usiku huo alinijibu yote kwa dakika tano.

Tuje kwenye bibo. Taabu zake ni mbili. Ya kwanza ni ukakasi, ule unaokausha ulimi na kukaba koo. Ndani ya uraka unavumilika kwa sababu unanyweka haraka ukiwa na utamu bado. Ndani ya bia chachu, sukari ikishaliwa, ukakasi unabaki peke yake na ugwadu, na viwili hivyo vikikutana bila utamu vinakwaruza. Wabrazili wa jimbo la Piauí wanatengeneza kinywaji cha bibo kisicho na kileo kiitwacho cajuína: maji ya bibo yanatiwa jelatini inayoushika ukakasi na kuzama nao, yanachujwa yakawa maangavu kama chai nyepesi, kisha yanachemshwa yakiwa ndani ya chupa. Wewe Newala huna haja ya jelatini. Wanga wa muhogo unafanya kazi hiyo: koroga uji mwepesi sana, upoe, utie kidogo kidogo kwenye maji ya bibo, koroga, acha yatulie. Utaona mawingu yakishuka chini. Chota ya juu.

Taabu ya pili ni muda, na hiyo ndiyo kubwa. Bibo likianguka asubuhi, kesho yake limeshaanza kuoza, na lililopasuka lina siki kabla hujafika nalo nyumbani. Bia nzuri haitoki kwenye tunda la jana. Lenye jeraha usilichukue hata kama ni zuri upande mwingine.

Msimu haujaisha kabisa kwenu. Fanya jaribio dogo na bibi yako, mkitumia saa ya simu. Okota alfajiri ndoo moja, osha, kamua, gawanya mara mbili: nusu iache ilivyo, nusu isafishe kwa wanga. Onja zote mbili kila baada ya saa sita, na kila mara bibi aonje kwanza, kabla yako, maana ulimi wake una miaka mingi kwenye kazi hii. Andika saa ambayo utamu unapungua, saa ambayo ugwadu wa mtindi unaingia, na saa ambayo puani unaanza kuhisi siki. Hizo saa tatu ndizo ninazozihitaji ili nikuambie bibo la Newala liingie kwenye bia wakati gani. Sitaki za Brazil, joto lao na hamira yao si zenu. Nitumie kupitia jarida, na jina la bibi usisahau kuniandikia pembeni, nipate kumshukuru.